Nesi aliyemfokea binti hakukosa wito

Mhariri,

Kila ifikapo Mei, karibu na Siku ya Wauguzi Duniani inayoadhimishwa tarehe 12, safu yako hujaa barua za kulalamikia lugha chafu ya wauguzi, na karibu zote humalizia kwa kusema kwamba vijana wa siku hizi wanaingia katika fani hii kwa kufuata ajira na si kwa wito. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 31, na sina nia ya kumtetea anayemtukana mgonjwa. Ninachokataa ni sababu inayotajwa, kwa maana nesi mwenye kauli kali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi ndiye aliyekuwa na wito kutuzidi sisi wengine.

Alifika wodini kabla ya zamu yake kuanza, alikuwa mtu wa sala, hakupokea hata soda kutoka kwa ndugu wa mgonjwa, na mama asiye na uwezo akikosa nguo za mtoto, yeye ndiye aliyezitafuta. Usiku mmoja tulipokea binti wa miaka 16, mwanafunzi, ameletwa na bibi yake. Uchungu ulipomzidi akawa anapiga kelele, na mwenzangu yule akamwambia maneno ambayo wanawake wengi nchini wamewahi kuyasikia: "Wakati unafanya ulituita?" Binti akanyamaza.

Asiye wa fani hii ataona kwamba madhara ya maneno yale ni aibu tu, ambayo mtoto akishazaliwa itasahaulika. Sivyo. Mkunga hupima mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, hupima njia ya uzazi kila baada ya saa 4, na kuyaandika hayo katika patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, lakini katikati ya vipimo hivyo hana njia ya kujua kinachoendelea isipokuwa kwa kuambiwa na mama mwenyewe kwamba uchungu umebadilika, au chupa ya uzazi imepasuka, au maji yanayotoka yana rangi. Binti yule chupa ilimpasukia, maji yakatoka ya kijani, dalili kwamba mtoto amejisaidia akiwa tumboni na huenda amechoka, naye akajifunika khanga yake akakaa kimya, kwa kuogopa kufokewa mara ya pili. Tulikuja kuyaona tulipofika kumpima. Mtoto alizaliwa hapumui, tukamsaidia kwa ambu, kifaa cha mkono cha kusukumia hewa mapafuni, na alipolia ndipo na sisi tuliposhusha pumzi.

Asubuhi, tukibadilisha nguo, nilimuuliza mwenzangu kwa nini alisema vile. Hakukasirika wala hakujitetea, ila alinishangaa. "Dada, mimi nilikuwa namlea," alisema. "Hata angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemwambia hivyo hivyo."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikuandikie leo, miaka mingi baadaye, kwa sababu halikutoka kwa mtu asiye na maadili. Maadili alikuwa nayo, tena mengi, na yalikuwa yale aliyolelewa nayo, kwamba mtu mzima anayeona binti amepotoka akapita bila kumkemea ameshindwa kazi yake ya utu uzima. Mtaani huenda ana haki ya kusema hivyo. Leba, hata hivyo, haikumpa cheo cha mzazi wala cha mchungaji. Ilimpa mwili wa mtu mwingine ulio katika hatari, na ikamtaka ausikilize. Sisi wengine tuliokuwa zamu usiku ule tulisikia na hatukusema kitu, kwa kuwa kwetu pia ilionekana ni malezi, na hilo siwezi kumtupia yeye peke yake. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni, nilimkumbuka yule binti, nikajiuliza ni wangapi kati yao watakaofika kwanza mikononi mwetu kabla ya kulifikia tena hilo darasa, na tutawapokea kwa maneno gani.

Nisieleweke kwamba muuguzi aache malezi yake getini. Mengi ya yale yanayoufanya uuguzi wetu uwe wa kiutu hayakutoka chuoni. Nani alitufundisha kumwamkia mzee shikamoo kabla ya kumfunua ili aogeshwe kitandani? Mwongozo ulitaja faragha, lakini sitara tulikuwa tunaijua tangu utotoni, na ndiyo iliyotufanya, katika wodi isiyo na mapazia, tuwaombe kina mama wawili wasimame wakiwa wametandaza khanga huku mwenzao akipimwa. Mwalimu wangu wa ukunga alikuwa akisema faragha na sitara ni kitu kimoja. Mimi naona sitara ni pana zaidi, maana inazuia hata macho na maneno, lakini huo ni ubishi wangu na yeye na hayupo tena kunijibu.

Ugumu ni kwamba tunu ile ile inayosaidia hapa inaweza kuua pale. Heshima kwa wakubwa, kwa mfano, ni nzuri mbele ya mgonjwa mzee, lakini nikiwa mgeni kazini karibu inishinde kufungua mdomo pale daktari aliposema mama mwenye kifafa cha mimba aendelee kuchomwa magnesi, dawa ya kuzuia degedege, ilhali mkojo wake haukufika mililita 30 kwa saa, kiwango ambacho chini yake dozi inayofuata haitolewi, kwa kuwa dawa hutoka kwa njia ya figo na ikijilimbikiza inaweza kusimamisha pumzi. Nililelewa kwamba mkubwa hajibiwi. Dada mkuu wa zamu ndiye aliyesema, kwa adabu zote, "Daktari, tuangalie mkojo kwanza," na daktari akashukuru.

Undugu nao una mtihani wake. Dada yangu wa tumbo moja aliwahi kunijia usiku kuniuliza kama mchumba wa binti yake anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akijua kwamba wakati huo nilikuwa kliniki ya tiba na matunzo. Kwa mila zetu, shangazi na mama mdogo wapo kwa ajili ya maswali kama hayo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inanitaka nitunze siri ya majibu ya mtu, na kabla ya sheria hiyo niliapa hivyo nikiwa na mshumaa mkononi, kwa kiapo kinachoitwa cha Florence Nightingale ingawa hakukitunga yeye bali kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Nilimjibu kwamba kijana na binti waende kupima pamoja kabla ya ndoa, na kwamba ningemwambia hivyo hivyo hata kama mchumba angekuwa mtu nisiyewahi kumsikia. Hakunisemesha hadi siku ya harusi.

Tuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga linaloweza kumwita muuguzi aliyekosa ajieleze. Hayo ni ya lazima, lakini huja baada ya mgonjwa kuumia. Vyuoni maadili hufundishwa kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kuulizwa hata mara moja yeye mwenyewe anaamini nini kuhusu binti mjamzito, mlevi aliyeumia, au mwanamke aliyeletwa anavuja damu baada ya kutoa mimba. Napendekeza aulizwe, mbele ya wenzake, kabla hajakabidhiwa wodi. Na huko wodini, wakati wa kupokezana zamu, tunapotaja dripu na presha za wagonjwa, itengwe nafasi ya kutaja pia mgonjwa ambaye mmoja wetu ameona vigumu kumhudumia, ili mwenzake ampokee. Yule nesi wangu angekubali. Nilipomweleza habari ya maji ya kijani alikaa chini kwenye benchi, kisha akarudi wodini, zamu yake ikiwa imekwisha, akamchemshia binti yule uji.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Morogoro