Usiiuze Lenzi ya Mzee

Kisumu, Jumapili jioni

Wambui dadangu,

Huku hatujambo, ila joto. Picha za kile kibati cha Mzee chenye lenzi yake ya kamera nimeziona, na nimecheka ulivyosema lenzi "imekunywa chai". Kabla sijaeleza lolote: usimuuzie yule kijana anayekupa elfu mbili. Akipandisha pia usimuuzie.

Maandishi ya pete ya mbele yanasomeka vizuri: Super-Takumar, 50 (urefu wa lenzi kwa milimita), 1.4 (upana wa tundu la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hiyo ni kazi ya Asahi, Wajapani wa kamera za Pentax. Ule umanjano si uchafu. Ndani mna kipande cha kioo kilichotiwa thoriamu, ambayo hukiwezesha kioo kupinda mwanga zaidi, lakini kadiri miaka inavyokwenda hukigeuza rangi. Ndiyo, thoriamu ni madini ya mionzi. Kupiga picha nayo hakuna neno; usiivunje tu, wala usiilalie chini ya mto kwa kumkumbuka Mzee.

Dawa yake ni jua. Toa vifuniko vyote viwili, iweke barazani, kioo cha nyuma kikiangalia juu, siku baada ya siku mpaka uone inaanza kung'aa. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, usikate tamaa. Ila chini yake tandika foili ya jikoni. Mimi niliianika yangu juu ya kitambaa cha meza ili kupambana na kuvu, nikaingia ndani kugeuza ugali, niliporudi nikapokewa na harufu ya kuungua. Tundu jeusi la ukubwa wa mbegu ya mpapai, katikati ya ua alilodarizi mama. Mpaka leo akiwa na wageni hukifunika hicho kitundu kwa bakuli la sukari na kunitazama.

Nikiwa kwenye kuvu, usiku zima taa, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma huku ukichungulia kwa mbele. Vumbi lisikutishe. Ukiona vijinyuzi kama utando wa buibui vinavyotambaa kutoka pembeni, hiyo ni kuvu, na lenzi hiyo usiichanganye na zako nyingine mpaka ifunguliwe na fundi. Huku kwetu ziwa linatuonea kwa unyevu. Ninyi wa Nakuru mna nafuu. Zangu hukaa kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa habari mbaya. Kamera yako ya Nikon ni ile yenye kioo cha kuakisi kinachorukaruka ndani kila ukipiga, na hapo ndipo pana tatizo la kuifunga lenzi hii. Kila lenzi ilitengenezwa ikae umbali wake maalumu kutoka kwenye filamu. Ya Mzee, ambayo hufungwa kwa skrubu ya kipimo kiitwacho M42, hutaka milimita 45.46. Nikon yako, kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha badala ya filamu, ni milimita 46.5. Yaani hata adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi na kamera, ingekuwa haina unene wowote, lenzi imeshakaa mbali kwa milimita moja na ushee. Unaweza kusema milimita moja ni nini? Nimepiga hesabu: kwa lenzi ya 50, chochote kilicho zaidi ya mita mbili na nusu hakitakuwa wazi, uizungushe pete mpaka vidole viume. Adapta yenyewe ina unene wake, kwa hiyo utapata pungufu ya hapo. Ziko adapta zenye kioo kidogo cha lenzi cha kurekebisha umbali huo. Zikwepe, kile kioo cha bei ya chini kitafuta uzuri wote unaoufuata.

Lakini mita mbili si haba kwa picha ya uso. Ukitaka sura za watu tu, adapta isiyo na kioo itakutosha, na hakuna haja ya kukimbilia kamera nyingine. Flamingo ndio utawakosa.

Kamera yangu ya Sony haina kile kioo cha kurukaruka, na umbali wake ni milimita 18 tu. Kwa hiyo adapta ni bomba tupu la milimita 27.46, halina waya wala kioo. Unaona lilivyo jambo jepesi? Basi lilinisumbua mwezi mzima. Nilipoipata ile lenzi ya Helios 44-2 ya baba mdogo, ya milimita 58 na skrubu ileile ya M42 (alirudi nayo kutoka Urusi alikokwenda kusoma, ikiwa imefungwa kwenye kamera yake ya Zenit), niliagiza adapta ya bei nafuu, nikateremka ufukoni Dunga kwa furaha zote. Mama aliyekuwa karibu akitandaza omena, wazi kabisa. Mitumbwi iliyokuwa ikirudi, ukungu mtupu. Nikadhani ni macho yangu, halafu nikadhani lenzi imekufa. Mwishowe nikaipeleka adapta kwa fundi wa jua kali kule Kibuye, mzee anayekereza vyuma vya pampu. Akaibana kwenye kalipa yake ya kupimia, akasoma, akaipanguza kwa shati, akasoma tena. Ilikuwa 27.96. Nusu milimita imezidi, na kwa lenzi ya 58 nusu milimita inakufungia dunia kwenye mita saba hivi.

Akaifunga kwenye mashine yake na kuikereza kidogo kidogo, kila mara akisimama kupima, mpaka ikabaki 27.4. Nilimwomba makusudi aipunguze nywele moja chini ya kipimo, maana adapta ikipungua kidogo, pete ya lenzi hupita kidogo hata vitu vya mbali kabisa na unairudisha nyuma kutafuta. Ikizidi huna pa kwenda. Mzee wa watu hakunitoza ila nauli ya chai, eti hajawahi kuletewa kazi ndogo hivyo.

Siku ukiishika ya Mzee, kuna kitufe pembeni chenye herufi A na M. Kiweke kwenye M, la sivyo tundu la lenzi litabaki wazi hata ukizungusha pete ya namba. Na kwenye kamera isiyo na kioo kama yangu, ingia kwenye menyu uiruhusu ipige bila lenzi, kwa kuwa itashikilia kwamba haioni lenzi yoyote. Usiende nayo harusini. Mimi nilikwenda, bibi harusi alitembea kwa haraka kuliko mkono wangu, nikaleta nyumbani picha nzuri sana za mkeka.

Ila Dunga, baada ya kukereza, nilirudi kwa yule mama wa omena. Nikafungua tundu mpaka 2, nikazungusha pete taratibu mpaka kope zikasimama wazi. Nyuma yake kulikuwa na mti, jua linazama upande wa ziwa, na majani yote yakapinda kumzunguka kichwa kama maji yanayozungushwa ndani ya beseni. Hiyo ni tabia ya Helios, wengine huiita kasoro. Mama alipoiona kwenye skrini alinyamaza, kisha akaniuliza kama naweza kumpiga tena akiwa amefunga kitambaa kizuri.

Nitapita Nakuru mwisho wa mwezi nikielekea Nairobi, nitalala kwako usiku mmoja. Sony nitakuja nayo na ile adapta iliyokerezwa. Ianike lenzi kuanzia kesho, na tafadhali usiifute kwa leso yako. Asubuhi tutapanda Menengai tuone kama inafika ng'ambo ya kreta.

Wasalimie watoto.

Wako,
Akinyi