Barua kwa Sahibu Yangu Kuhusu Gazeti na Sadaka Zake

Chumbageni, Tanga

Sahibu yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu na kukuulizia hali yako na ya jamaa wote wa Bagamoyo, nakuarifu kuwa barua yako imenifikia na nimeisoma kwa furaha kubwa. Umeniambia kwamba gazeti lenu la kila mwezi limeazimia kufanya kazi za hisani, na kwamba Ramadhani hii mnataka kuwapelekea yatima wa Dunda na Magomeni mchele, mafuta na sabuni, kisha picha za makabidhiano zitoke ukurasa wa mbele. Umeniomba rai yangu, nami nakupa bila kuificha: pelekeni vyakula hivyo, lakini picha za watoto ziacheni.

Mtoto aliyepigwa picha akiwa ameshika mfuko wa mchele atarudi shule Jumatatu, na wenzake watakuwa wameiona. Atakapokuwa mtu mzima, gazeti lile litakuwa bado lipo katika sanduku la mtu fulani. Najua utanijibu kwamba bila kuonyesha shida wasomaji hawatatoa kitu. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na wako waliotutangulia kulifikiri.

Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la The World la New York, aliona kwamba Sanamu ya Uhuru iliyotolewa na Wafaransa ilikuwa haina pa kusimama, kwa kuwa fedha za kujenga kitako chake zilikuwa zimepunguka. Aliahidi kuchapa jina la kila atakayechanga, hata akitoa senti chache. Katika muda wa miezi mitano hivi zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Katika jiji lile lile, mwaka 1912, gazeti la The New York Times lilianza mchango wake wa kila mwaka kwa ajili ya watu wenye dhiki kuliko wote. Habari zao lilizipata kwa vyama vya hisani vilivyowajua, likazisimulia kwa kirefu, lakini majina yao likayasitiri. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja utaona njia ninayokushauri: anayetoa atajwe akipenda, anayepokea asitiriwe, na shida yenyewe isimuliwe kwa ufasaha kiasi cha kumgusa msomaji bila kumwonyesha mtu kwa kidole.

Kuhusu fedha, nitakuwa mkali kidogo. Michango isichanganywe hata siku moja na mapato ya matangazo. Iwe na akaunti yake, yenye watia saini wawili ambao mhariri si mmoja wao, na kila toleo lichapishe kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na bei ya kila gunia lililonunuliwa. Msomaji aliyetoa shilingi 1,000 ana haki ya hesabu ile ile anayopewa aliyetoa milioni. Na huyo wa milioni ndiye anayenitia hofu zaidi. Mfanyabiashara akiwapa fedha za futari ya mtaa mzima, kisha mwezi wa tatu wananchi wakalalamika kwamba mizani yake inapunja, mtaandika? Mwambieni mapema, tena kwa maandishi, kwamba mchango haununui ukimya wa gazeti. Asiporidhika, muagane naye kwa heshima. Gazeti lililonyamazishwa kwa sadaka huwa limewanyima wananchi kitu kikubwa kuliko mchele lilioutoa.

Ipo pia hisani isiyohitaji fedha, nayo naipenda kuliko zote. Chapeni bure tanzia za wasio na uwezo na matangazo ya watoto waliopotea. Chapeni siku na mahali pa kuchangia damu, kwa maelezo kamili: anayefaa ni mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi, hivyo shule zinapofungwa akiba hupungua, huku wanawake wanaotokwa na damu wakati wa kujifungua na watoto walioishiwa damu kwa malaria hawana likizo. Ukurasa mmoja mwezi Juni na mwingine Desemba unaweza kuokoa mtu msiyemjua, na gharama yake ni wino tu.

Hapa kwetu Tanga, gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, lilichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani, na wanafunzi wakajifunza humo kazi ya uchapaji. Lilikuwa gazeti la watawala, sikusudii kulisifu kwa hilo. Ila vijana waliopata ufundi kwa mikono yao wananifanya nikuombe muwafungulie mlango wanafunzi wa sekondari wa Bagamoyo. Mwaka 1925 gazeti la Courier-Journal la Louisville, pamoja na mengine manane, lilianzisha mashindano ya kitaifa ya tahajia kwa watoto wa Marekani. Kwetu tahajia haina ugumu huo. Wapeni insha na mashairi, na washindi wachapwe kwa majina yao kamili, kwa maana hapo jina ni heshima yao.

Kabla ya Ramadhani kuandama, nitumie rasimu ya tangazo la mchango niipitie, na unieleze ni nani mliyemteua kuwa mweka hazina. Mimi nitachanga, na jina langu mnaweza kulichapa pamoja na ya wengine.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Tanga