Barua ya wazi kwa wifi yangu: kabla ya sweta la mtoto, fuma kipande cha kupimia

Wifi yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa kaka na kwa mtoto. Ujumbe wako nimeupata. Unataka kumfumia mtoto sweta kabla baridi ya Juni haijashika huko Makete. Sindano unazo, uzi bado hujanunua, na kwenye simu umehifadhi picha ya sweta jekundu lenye vifungo vya mbao. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu maswali yako ndiyo ya kila anayeanza kufuma, na majibu yake hayaenei kwenye meseji. Namna ya kufuma kawaida na kufuma kinyume mama atakuonyesha kwa mikono yake, utaelewa haraka kuliko kusoma. Mimi nakuandikia yale ambayo watu huyaruka.

Sweta liache kwanza. Anza na kipande cha mraba ambacho hakuna atakayekivaa, kisha mzula, halafu ndipo uje kwenye sweta. Hesabu yote ya nguo ya kufuma hutoka kwenye kipande hicho. Lile sweta la kwenye picha limefumwa na mkono mwingine, kwa uzi mwingine, na huenda mkono wako unakaza zaidi au unalegeza zaidi. Chukua mfano huu: sweta la sentimita 60 kuzunguka kifua, kwa mkono unaotoa vitanzi 22 (vile vijiduara vya uzi vinavyokaa kwenye sindano) ndani ya sentimita 10, linataka vitanzi 132. Wewe ukikaza kidogo tu ukatoa vitanzi 24, vitanzi hivyohivyo 132 vitakupa sentimita 55. Sentimita 5 zimekwenda, na kwa mtoto hizo ndizo nafasi ya fulana ya ndani. Ubaya wake ni kwamba njiani hutaona dalili yoyote. Kila mstari utakuwa umenyooka na kupendeza, hadi siku ya kumvalisha.

Kipande chenyewe ni hivi. Anzisha vitanzi 30 kwa sindano za milimita 4, fuma mstari mmoja kawaida na unaofuata kinyume, hadi mistari 40. Funga vitanzi. Kioshe kama utakavyokuja kuosha nguo, kilaze kikauke bila kukivuta, halafu ndipo upime. Weka rula katikati ya kipande, mbali na kingo, kwa sababu vitanzi vya pembeni huwa vimelegea au vimekazwa. Hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10 kwenda upande, kisha mistari iliyomo ndani ya sentimita 10 kwenda juu. Nusu kitanzi nacho kihesabu, usikitupe. Kwa uzi wa unene wa kati tunatafuta vitanzi 22 na mistari 28. Ukipata vitanzi vingi zaidi, ongeza unene wa sindano. Ukipata pungufu, chukua sindano nyembamba, kisha fuma kipande kingine. Usijaribu kuubadilisha mkono wako kwa makusudi: utakaza mistari ya mwanzo, ukishazoea utarudi kwenye mkono wako wa kawaida, na nguo itakuwa na upana wa aina mbili.

Hapo kwenye sindano kuna mtego. Sindano nyingi za zamani zinazozunguka mitaani kwetu zina namba za Uingereza, ambazo zinakwenda kinyumenyume: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Maelekezo mengi ya mtandaoni ni ya Kimarekani, na huko namba 8 ni milimita 5. Ukichanganya hizo mbili umeharibu kazi kabla hujaanza. Wewe soma milimita tu, na kama sindano haina maandishi, ipime kwa kuipitisha kwenye tundu la karatasi ngumu ulilotoboa kwa sindano unayoijua.

Sasa uzi. Wa dukani una lebo, na lebo ina kila kitu: gramu, urefu, milimita za sindano, na mchoro wa mraba unaoonyesha vitanzi na mistari ya sentimita 10. Angalia pia namba ya loti, yaani ya kundi la uzi uliotiwa rangi pamoja. Madonge mawili ya rangi moja yenye loti tofauti yanaweza kufanana kabisa dukani, halafu mgongo wa sweta ukatofautiana na kifua mbele ya mwanga wa jua. Nunua yote kwa mara moja, na donge moja la ziada.

Kwa mtoto anayetapika na kufuliwa nguo kila siku, akriliki, uzi wa plastiki wa kiwandani, inafaa: bei yake ni nafuu na haisinyai. Lakini pasi ya moto huiyeyusha na kuilaza moja kwa moja, na karibu na moto wa mkaa ni hatari, kwa hiyo mtoto aliyevaa akriliki asikae jirani na jiko. Sufu ina joto zaidi na inafyonza unyevu bila kupoa mwilini, ila inadai maji ya baridi na mkono mwepesi. Nyuzinyuzi zake zina magamba madogo. Maji ya moto yakikutana na kusugua, magamba hushikana, na nguo husinyaa ikawa ngumu, wala hairudi. Pamba tuwaachie wa Dar es Salaam. Ni nzito, na ukingo wake wa kuvutika ukishavutika haurudi vizuri.

Ukiuziwa uzi usio na lebo, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukichome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

Ila wifi, uzi mzuri zaidi kwa bei ndogo uko kwenye mitumba, na hili nalisisitiza kwa sababu watu wanalipita kila siku ya gulio. Sweta la mtu mzima la sufu safi, lililochanika kiwiko na hakuna anayelitaka, linatoa uzi wa kumvisha mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni. Shida ni kulijua lipi linafumuka. Ligeuze ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili safi zilizounganishwa kwa mshono wa mnyororo, hilo nunua. Ukiona oveloki, ule mshono wa mashine unaozungushia ukingo uliokatwa, liache: kitambaa kilikatwa kwa mkasi kabla ya kushonwa, kwa hiyo kila mstari umekatika pembeni, na utabaki na vipande vifupi vya upana wa kifua. Liache pia lililosinyaa hadi vitanzi havionekani, na lenye manyoya marefu, maana uzi wake hujisokota na kukatika, na manyoya humwingia mtoto mdomoni.

Nyumbani, tafuta mwanzo wa ule mnyororo, kata uzi mmoja, vuta. Ukipata upande wenyewe mshono wote hufunguka kama mfuko wa unga. Tenganisha mikono, mgongo na kifua. Masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo fumua kuanzia shingoni na mabegani. Ukianzia chini uzi utagoma, na ukilazimisha utakatika. Uzi unaotoka uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine bila kukaza, kisha uloweke nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usisugue. Kamua kwa kubana, tundika kivulini. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi, na ukiufuma nayo vitanzi vinatoka virefu na vifupi, kisha kipande cha kupimia kinakudanganya, kwa sababu mawimbi yatanyooka siku ya kwanza ya kufua na nguo itatanuka. Uzi wa mashine ukiwa mwembamba mno, fuma kwa nyuzi mbili au tatu pamoja. Ili kujua kama umefikia unene wa kati, uzungushie rula bila kuuvuta: mizunguko iliyolala ubavu kwa ubavu ndani ya sentimita 2 na nusu iwe karibu 12.

Mzula sasa, wa mtoto wa karibu miezi 6, ambaye kichwa chake huwa na sentimita 42 au 43. Mpime mwenyewe kwa futi ya fundi, juu kidogo ya nyusi. Kofia ya kufuma iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 3 hivi ili ishike bila kubana. Donge la gramu 50 linatosha.

Kwa sindano za milimita 3.25 anzisha vitanzi 90. Anzisha kwa kulegeza. Wengi hukaza hapa, na mzula mzima ukawa mzuri ila ukingo haupiti kichwani. Kama mkono wako ni mzito, vianzishe kwa sindano ya milimita 4 kisha uhamie kwenye nyembamba. Fuma viwili kawaida, viwili kinyume, na umalize mstari kwa viwili vya kawaida. Ukigeuza, anza na viwili kinyume, viwili kawaida, na umalize kwa viwili vya kinyume. Endelea hivyo sentimita 3. Huo ndio ukingo unaovutika. Hamia sindano za milimita 4, fuma mstari kawaida na mstari kinyume, hadi kipande kifike sentimita 10 tangu mwanzo, ukiishia na mstari wa kinyume.

Kilele kinapunguzwa hivi: fuma kitanzi 1 cha pembeni, kisha mara nane rudia kufuma 9 kawaida na 2 pamoja, malizia kitanzi 1 cha pembeni. Vinabaki 82. Mstari unaofuata wote kinyume. Halafu fuma 8 kati ya kila punguzo, ubaki na 74. Kisha 7, ubaki na 66. Uendelee kushuka, na mstari wa kinyume kila baada ya punguzo, hadi ufike kufuma 1 na 2 pamoja. Hapo unabaki na vitanzi 18. Kila punguzo linaondoa vitanzi 8. Ukihesabu ukakuta 73 au 75, rudi mstari huo huo, usisonge mbele ukitumaini kufidia. Kata uzi ukiacha sentimita 50, upitishe kwenye vitanzi vyote 18 kwa sindano butu yenye jicho kubwa, vuta hadi tundu lijifunge, pigia mishono miwili mitatu, na uzi huohuo ushonee ubavu hadi chini. Kila upande uingize kitanzi kimoja tu ndani ya mshono, na mistari ya ukingo itakutana sawasawa.

Vitanzi vikiongezeka bila wewe kuviongeza, tazama mwanzo wa mstari. Uzi ukiwa umevutwa juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza huonyesha miguu miwili na unakifuma kama viwili. Ushushe uzi mbele, chini ya sindano, kisha uupeleke nyuma. Matundu kwenye ukingo wa kuvutika yanatokana na kuhamisha uzi kwa kuupitisha juu ya sindano badala ya katikati ya ncha mbili. Na mtoto akilia ukaacha kazi katikati ya mstari, ukirudi kumbuka uzi wa kufumia unatakiwa uning'inie upande wa sindano ya mkono wa kulia.

Kitanzi kikidondoka usifumue. Kizuie kwa pini kisiendelee kushuka, geuza upande wa mbele ukutazame, na kwa kulabu ya kroshia pandisha ngazi moja baada ya nyingine kutoka chini hadi kwenye sindano. Ukiruka ngazi moja kutakuwa na uzi unaolegea nyuma, na vidole vya mtoto vitaunasa.

Uzi mpya uungie pembeni mwa mstari, uache mikia ya sentimita 15 na uifiche kwa kuishona ndani ya mshono. Kwenye soksi za mtoto hili ni lazima kabisa: uzi unaoning'inia ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, naye hawezi kukuambia. Utepe mrefu wa kufunga kidevuni usiweke.

Ukiufua mzula, bana maji, uviringishe ndani ya taulo, kisha uulaze. Nguo ya kufuma ikitundikwa mbichi kwenye kamba, uzito wa maji unairefusha.

Kile kipande cha kupimia kikikauka, nitumie vitu vitatu: vitanzi ndani ya sentimita 10, mistari ndani ya sentimita 10, na kifua cha mtoto akiwa amevaa fulana. Nitakupigia hesabu ya lile sweta jekundu kwa mkono wako mwenyewe, mikono na shingo pamoja. Vifungo vya mbao vitafute viwe vikubwa, na uvishone kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili.

Msalimie mama.

Wifi yako