Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na Mhazini, sitamwingilia. Mimi nitazungumzia bustani, hasa mafunjo, maana ndiyo yaliyotugombanisha mwaka mzima.

Zamani aliyetaka mafunjo alishuka ziwani na jembe. Kamati imekomesha mtindo huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kuna ndege wa Ziwa Victoria wanaoishi ndani ya mafunjo tu. Tena, tuseme ukweli, mafunjo ya ziwani hurefuka hata kufikia mita 4. Kwenye ua wa nyumba ya kupanga, hiyo ni kero.

Badala yake tumehimiza ndugu zake wadogo: Cyperus prolifer, ambayo kwa kawaida haizidi mita 1, na Cyperus involucratus, yaani mwavuli. Zote asili yake ni huku huku Afrika. Mwavuli ndio uliotupa raha. Unakata kichwa pamoja na kipande cha shina chenye urefu wa kidole, unapunguza majani yabaki nusu, kisha unakiweka kichwa chini miguu juu kwenye beseni la maji. Baada ya wiki mbili tatu, pale majani yanapokutana, panachomoza mizizi myeupe na vichipukizi. Maji yabadilishwe kila baada ya siku tatu, la sivyo mtafuga mbu. Wenye vidimbwi watie perege wadogo, watamaliza viluwiluwi.

Lililotusumbua ni ndago, iliyoingia na udongo wa kununua. Nayo ni ya ukoo wa Cyperus, shina lake lina pembe tatu vilevile, kwa hiyo ikiwa changa inapita kama mche wetu. Kuing'oa kwa mkono ni kazi bure: majani yanakuja, vijiazi vinabaki chini na kuchipua upya. Vitalu vya upande wa lango ilibidi vifukuliwe vyote. Kamati inapendekeza kila udongo unaoingia uchekechwe kabla ya kujazwa kwenye viriba.

Kuhusu mbegu za Carex, ndugu wa mbali wa mafunjo, kutoka Ulaya, nyingi ni za nchi za baridi, na jua la Mwanza halikuzihurumia. Anayetaka aagize, ila chama hakitazilipia tena.

Miche ya mwavuli itagawiwa leo baada ya mkutano. Waliolipa ada watatangulia. Sasa namkaribisha Mhazini, kisha tutamchagua Katibu.