Barua ya wazi kwa Waziri: Tutoeni kwenye "Mengineyo"

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

YAH: WASICHANA KUTOLEWA KWENYE "MENGINEYO"

Shikamoo, Mheshimiwa.

Mimi ni katibu. Nimekuwa katibu tangu nilipomaliza kidato cha nne, mwaka wa sita huu: katibu wa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti, katibu wa kamati ya maji, katibu wa harusi tatu na wa misiba ambayo sijaihesabu. Nina miaka 24. Hapa kijijini kwetu, mkoani Singida, wakitaka kikao kiandikwe vizuri husema, "Mwiteni yule binti mwenye mwandiko." Jina langu wanalijua, ila mwandiko ndio cheo changu.

Katibu husikia yote na hasemi neno. Muhtasari nimeushika kama mtu alivyoshika sala: kufungua kikao, waliohudhuria, kuthibitisha ajenda, yatokanayo, ajenda zenyewe, mengineyo, kufunga kikao. Na katika miaka hii nimegundua kwamba jambo la msichana, lianzie popote, litatua kwenye Mengineyo. Wakati huo ni saa tisa alasiri, watu wana njaa, mwenyekiti ameshavaa kofia yake. Mmoja anasema, "Na hili la mabinti zetu, Katibu, andika, tutalizungumza kikao kijacho." Naandika. Kikao kijacho halimo kwenye yatokanayo, kwa kuwa halikuwa ajenda.

Nakuandikia wewe kwa sababu wizara yako ndiyo yenye neno "Wanawake" kwenye jina lake. Sikuandikii kusema wanawake hawamo. Wamo. Tuna Rais mwanamke tangu Machi 2021. Mkutano wa Beijing wa 1995, ambao mpaka leo akina mama wa huku wanautaja kana kwamba walikwenda wote, katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Mimi nilikuwa sijazaliwa bado. Tatizo langu ni dogo kuliko hilo, na ndiyo maana linapotea: taarifa zinazosomwa kwenye vikao vyetu husema "wanawake kadhaa, vijana kadhaa", basi. Humo ndani msichana yuko wapi, hakuna anayejua.

Chukua mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tangu 2018 jambo hili liko kisheria, na mikopo hiyo haina riba. Kwa mtu ambaye mama yake amewahi kuingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, akaondokewa na makochi mchana kweupe, mkopo usio na riba si jambo la kubeza. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa, mwaka uliofuata ikarudi, na siku iliporudi rafiki yangu mmoja alikuwa wa kwanza kuja kuniuliza fomu zinajazwaje.

Ana miaka 22 na mtoto mmoja. Aliacha shule kidato cha pili. Alikuja kuomba nafasi katika kikundi chetu cha akina mama, na mimi katibu nikiwa nimekaa pale na daftari, mama mmoja ninayemheshimu sana akamwambia: "Mwanangu, leo uko hapa, kesho umeolewa Manyoni. Deni lako tulilipe sisi?" Wengine wakaitikia. Nisiwaonee mama zangu. Wanadhaminiana wao kwa wao. Mmoja akitoroka, waliobaki ndio wanaolipa. Hofu yao ina hesabu ndani yake, na si roho mbaya.

Akaenda kwa vijana. Hao walimpokea kwa shangwe na siku hiyo hiyo wakamfanya mweka hazina, kwa vile inasemekana wasichana hawali hela. Kilichofuata ni kwamba uamuzi wa kununua pikipiki ulifanyika kijiweni, saa mbili usiku, mahali ambapo msichana akionekana saa hiyo asubuhi ana jina jingine. Yeye alitaka mashine ya kukamulia na kuuza mashudu kwa wafugaji. Habari ya pikipiki aliipata alipoletewa karatasi asaini. Akasaini, angefanyaje. Marejesho yalipokwama, aliyeitwa ofisi ya kata kueleza fedha zimekwenda wapi ni mweka hazina.

Kwa wanawake yeye ni mtoto, na kwa vijana yeye ni mwanamke. Ile 4 ya kwanza imempita kulia, ya pili imempita kushoto.

Mheshimiwa, nimeambiwa mara nyingi kwamba uongozi unasubiriwa, na kwamba msichana akue kwanza. Sasa naomba tukumbushane. Bibi Titi Mohamed alizaliwa 1926. TANU ilipozaliwa Julai 1954 alikuwa hajafika miaka 30, mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam, na ni kupitia vikundi vya ngoma ndipo wanawake walipoingia TANU kwa wingi. Lucy Lameck alizaliwa 1934. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa naibu waziri wa Ushirika na Maendeleo ya Jamii, naye hajafika 30. Maendeleo ya Jamii, Mheshimiwa! Ni nusu ya jina la wizara yako. Anne Makinda aliingia bungeni 1975 katika umri kama wangu, akaja kuwa Spika mwanamke wa kwanza mwaka 2010. Hawa leo wangekuja kwenye kikao cha kata yetu, nina hakika wangepewa daftari waandike.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nilitaka kuchukua fomu. Karatasi za kura za kijiji wewe unazijua: kuna mwenyekiti, kuna wajumbe wa kundi la wanawake, kuna wajumbe wa kundi mchanganyiko. Nilipowagusia wakubwa kuhusu kundi la wanawake, nilijibiwa kwa upole kwamba lina wenyewe, nisivunjie watu heshima. Nikauliza habari za mchanganyiko. Wakacheka. Huku kwetu mchanganyiko ni wa wanaume warefu na wanaume wafupi.

Kilichonirudisha nyuma lakini hakikuwa kicheko. Ni swali ambalo kijana wa kiume huulizwa kwa sifa na msichana huulizwa kwa tusi: "Nani anakubeba?" Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinasema mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe ajira, cheo au haki ya mtu, ni kosa. Sheria nzuri. Ila haimsaidii msichana aliyepata nafasi bila kutoa chochote, halafu kijiji kizima kikaamini ametoa. Unadaiwa kabla hujapata, na ukipata unahesabiwa kuwa umelipa. Dada mmoja aliyewahi kuwa mjumbe aliniambia alijifunza kwenda vikaoni na mtoto mgongoni hata siku ambazo mtoto angeweza kubaki na bibi yake, maana mtoto anamlinda na maneno. Hilo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya kuwajengea wanawake uwezo. Semina zinatufundisha kujiamini. Sisi tunajiamini vizuri tu; wanaohitaji semina ni wale wa kijiweni.

Kuna jambo jingine ambalo najua litasemwa si la wizara yako, ni la Katiba na Sheria. Nitalisema tu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inampa mvulana miaka 18 na msichana 15 kuwa umri wa chini wa ndoa. Kifungu cha 17 kinasema mzazi au mlezi akiridhia, inatosha. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanamke ambaye naye hakuwa ametimiza 30, alikwenda Mahakama Kuu na kusema vifungu hivi vinakwenda kinyume cha Katiba. Julai mwaka huo akashinda, Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Miaka mitano baada ya hukumu hiyo ya mwisho, vifungu vilikuwa bado vimekaa kitabuni, na sisi tulikuwa bado tunaambiwa maoni yanakusanywa. Maoni ya nani tena, Mheshimiwa? Mahakama ya juu kabisa nchini ilishatoa ya kwake.

Naona muhtasari ule ule. Msichana amesimama, amesema, ameshinda mbele ya majaji. Kisha ushindi wake ukaandikwa Mengineyo.

Tena jambo hili na la mikopo ni moja. Yule mama aliyesema "kesho umeolewa Manyoni" hakuwa anatania. Katika nchi ambayo binti wa miaka 15 anaweza kuozeshwa kwa ridhaa ya baba, kila binti anaonekana kama mtu aliye njiani. Nani atampa kiti mpita njia? Ukifungua kifungu cha 13 utaona ndicho kilichomnyima rafiki yangu mashine ya kukamulia, hata kama yeye mwenyewe ana miaka 22 na hakuna anayemposa.

Utaniambia watoto wana mabaraza yao. Kweli, na mimi nilikuwamo nikiwa sekondari. Tulipanda jukwaani Siku ya Mtoto wa Afrika tukasoma risala mbele ya mgeni rasmi, tukapigiwa makofi. Ukifika 18 unatoka. Wanawake wana majukwaa ya uwezeshaji kiuchumi tangu 2016, na ukiingia humo utaona wastani wa umri kwa macho tu. Vijana walitungiwa sheria ya baraza lao mwaka 2015, miaka mingi ikapita baraza lenyewe halijaundwa. Kwa hiyo msichana anasikilizwa akiwa na miaka 14, na akivumilia atasikilizwa tena akiwa na 45. Hapo katikati ndipo anapozaa, anapokopa, anapoolewa au kukataa kuolewa, anapodhulumiwa shamba la marehemu baba yake. Yaani anayatenda yote yanayozungumzwa kwenye vikao.

Sasa naomba nini? Si kitu kikubwa.

Kwenye fungu la wanawake na kwenye fungu la vijana, kila halmashauri iseme ni wasichana wangapi wa miaka 18 hadi 24 waliopata, kwa kiasi gani, na ni wangapi wenye saini benki. Si waliojazwa kwenye orodha ya wanakikundi ili idadi itimie, maana huo mchezo tunaujua. Orodha hizo mara nyingine naziandika mimi. Na hofu ya mama zangu ipatiwe dawa: deni la msichana limfuate yeye kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, lisiwaangukie waliobaki. Namba ya NIDA haibadiliki mtu akiolewa Manyoni.

Pili, tutajiwe namba. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba na sheria inasema watatu wawe wanawake. Sijawahi kuona kijiji kikikosa hao watatu. Wanatafutwa wanapatikana, kwa sababu imeandikwa "watatu", haikuandikwa "wanawake washirikishwe". Neno "washirikishwe" nimeliandika kwenye mihtasari mpaka kalamu imeisha wino na sijaona limezaa kiti hata kimoja. Kamati za kijiji za ulinzi wa wanawake na watoto zilizo chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao, zinashughulika na kesi ambazo nyingi ni za mabinti wa rika langu. Iandikwe humo kiti kimoja, cha mtu wa chini ya miaka 25, mwenye kura, na asiwe katibu.

Hilo la mwisho nalirudia: asiwe katibu.

Na ile sheria ya 1971, ukikaa na mwenzako wa Katiba na Sheria, muulize tarehe. Usikubali jibu lisilo na tarehe.

Nisiongeze mengi, maana nami sasa nimefika saa tisa alasiri. Alhamisi kuna kikao cha kata, nimeshaandaa ajenda. Safari hii namba nne inasema "Mikopo na viti kwa wasichana wa miaka 18–24". Mwenyekiti ameipitia, akauliza kama nimekosea kupanga, kwamba hii si ya mwishoni? Nikamjibu hapana Mzee, iko mahali pake. Amegusa kofia yake, hajaifuta. Kama kuna afisa wako wa maendeleo ya jamii aliye karibu, tunaanza saa nne, na safari hii tunaanza kweli saa nne.

Wako,
Katibu, kikundi cha akina mama wakamuaji alizeti,
Singida.

Nakala:
– Waziri mwenye dhamana ya vijana. Sijui ni yeye au ni wewe unayenihesabu, kwa hiyo nimewatumia wote.
– Mwenyekiti wa kikao cha Alhamisi.
– Mama. Nimeichapa kwa herufi kubwa, usitafute miwani.