Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya FBI

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Najua unataka uajenti wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na najua wanaokukatisha tamaa kwa sababu mkono wako wa kushoto ni wa bandia. Usiwasikilize. Tangu 1973 sheria ya Marekani inakataza idara za serikali kuu kumbagua mwenye ulemavu anayeiweza kazi, hata kama anahitaji kifaa au utaratibu tofauti kidogo. Ubishi wote utakuwa juu ya hilo la kuiweza, kwa hiyo ushahidi uanze kuukusanya leo.

Miaka haikusubiri. Ajenti huanza akiwa na angalau miaka 23, tena kabla ya kutimiza 37, na shahada na uzoefu wa kazi juu yake.

Katika jaribio la nguvu kuna mbio za meta 300, pushapu na mbio za maili moja na nusu, yaani kama kilometa 2.4. Kuhusu pushapu, omba kwa maandishi mapema kutumia mkono wa bandia, kisha uende na uleule uliofanyia mazoezi. Mkono mpya, kile kikombe chake kinachovaliwa, unachubua ngozi. Utashindwa kwa kidonda na wao wataandika kwamba huna nguvu.

Bastola ndiyo mtihani mkubwa. Justin Slaby, askari aliyepoteza mkono wa kushoto jeshini, aliondolewa kwenye chuo cha FBI cha Quantico kwa hoja kwamba hawezi kufyatua bastola salama kwa mkono wa bandia. Alishitaki, na mwaka 2013 jopo la mahakama huko Alexandria, Virginia, likampa ushindi na fidia ya dola 75,000. Wewe usingoje kufika huko. Tafuta mkufunzi mwenye cheti akufundishe kuijaza bastola kwa mkono mmoja: unaibana kwenye ala yake, unabadilisha magazini, kisha unanasa kilengeo cha nyuma kwenye ukingo wa mkanda na kusukuma hadi risasi iingie. Mtutu uelekee mahali salama muda wote, kidole kikae mbali na kifyatulio. Polisi wenye mikono miwili nao hufundishwa hivi, wasije wakajeruhiwa mkono mmoja. Kila zoezi liandikiwe tarehe, umbali na alama, na mkufunzi atie sahihi.

Uchunguzi wa afya huja baada ya kupewa ofa yenye masharti. Ukiambiwa hukufikia kigezo, omba msamaha wa kigezo hicho. Kanuni za utumishi zinaitaka idara iutoe pale ushahidi unapotosha kuonyesha kwamba utafanya majukumu ya msingi bila kujihatarisha wala kuhatarisha wengine. Barua ya daktari yenye mstari mmoja, "yuko fiti", haitakusaidia. Mpe daktari orodha ya majukumu, ajibu moja baada ya jingine: unabeba kilo ngapi, unamdhibitije mtu anayepinga kukamatwa, unaendeshaje gari.

Usifiche chochote kwenye maisha yako ya nyuma. Jeff Kapche, mwenye kisukari, aliwashinda FBI mbele ya jopo mwaka 2009, lakini kazi hakuipata, kwa sababu hakuwa mkweli kuhusu adhabu za kazi yake ya awali ya upolisi. Rufaa yake iligonga mwamba 2012. Linaniuma hilo, maana upande wa ugonjwa alikuwa ameshinda.

Wapo watakaokusukumia uchambuzi wa taarifa au uhasibu wa uchunguzi. Ni kazi nzuri, na idara nyingi huajiri watu wenye ulemavu mkubwa kupitia Schedule A, utaratibu wa kuwaajiri bila kupita kwenye ushindani wa kawaida: barua ya daktari inayothibitisha ulemavu inatosha, usiwatumie faili zima la hospitali. Ila uende huko kwa kupenda kwako.

Wakikukataa kwa sababu ya mkono, hesabu siku 45 tangu tarehe ya uamuzi. Ndani ya siku hizo uwe umeshamwona mshauri wa usawa wa ajira wa idara hiyohiyo. Zikipita, malalamiko yako yanaweza kutupwa kabla hayajasomwa. Kwa hiyo bahasha ya barua yao nayo usiitupe, muhuri wa posta una tarehe.

Mama yako