Chaza si tiba ya upungufu wa nguvu za kiume

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji nizungumzie sifa ambayo chaza, kiumbe wa baharini mwenye gamba la vipande viwili, hupewa kila makala ya vyakula na mapenzi inapochapishwa, kwamba nyama yake ikiliwa mbichi huamsha ashiki na kurejesha nguvu za kiume. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari, na sifa hiyo naisikia kutoka kwa wagonjwa mara nyingi kuliko ninavyoisoma gazetini. Wanaoitaja ni wanaume waliokaa na tatizo lao mwaka mzima au zaidi, wakibadilisha vyakula kimyakimya, kabla ya kumweleza mtu yeyote.

Sifa yenyewe ni ya kale. Juvenal, mshairi wa Kirumi aliyeishi takriban miaka 1,900 iliyopita, alimkejeli mwanamke asiye na staha kwa kumwonyesha akila chaza wakubwa usiku wa manane. Casanova, mwandishi wa Venice huko Italia aliyejulikana kwa kuwapenda wanawake wengi na kufariki mwaka 1798, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyolishana chaza mdomo kwa mdomo na wasichana aliowatamani. Kwa maoni yangu, katika simulizi hiyo kilichowasha moto ni midomo yenyewe, na hata kipande cha tunda kingetosha kuifanya kazi iliyosemekana kufanywa na chaza.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hakuna ukweli wowote ndani yake. Chaza ana madini ya zinki kuliko karibu chakula kingine chochote: gramu 85 za nyama yake mbichi huweza kuwa na miligramu 32 hivi, ilhali mwanamume mzima anahitaji miligramu 11 tu kwa siku na mwanamke 8. Zinki nayo inahusika kweli na uzazi. Mnamo miaka ya 1960, daktari Ananda Prasad na wenzake walichunguza vijana wa Iran na Misri waliodumaa na ambao miili yao haikuwa imebalehe, wakabaini kwamba walikosa madini hayo, na vijana waliopewa zinki walikua na kubalehe. Utafiti wake wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba vijana wenye afya waliolishwa chakula chenye zinki kidogo kwa wiki 20 walipungukiwa sana na testosteroni, yaani homoni ya kiume. Lakini msomaji aangalie vizuri ni nani aliyefaidika hapo: ni yule aliyepungukiwa. Mtungi uliojaa hauongezeki maji kwa kumiminiwa zaidi, na anayezidisha zinki kwa muda mrefu huuzuia mwili wake kufyonza madini ya shaba, ambayo nayo anayahitaji.

Magazeti nayo yana sehemu yake katika jambo hili, na nalisema kwa heshima. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani na Italia waliwasilisha katika mkutano wa wanakemia huko San Diego matokeo kuhusu asidi amino fulani zilizopatikana katika kome, kiumbe mwingine wa gamba aliye jamaa wa chaza, wa bahari ya Mediterania, asidi ambazo panya walipodungwa, homoni zao ziliongezeka. Habari zilizosambaa zilisema kwamba sayansi imethibitisha nguvu ya chaza. Waliopimwa walikuwa kome, waliodungwa walikuwa panya, na hakuna binadamu aliyelishwa sahani ya chaza ili aonekane kama amebadilika.

Linalonisukuma kuandika, hata hivyo, ni kile kinachofichwa na sahani hiyo. Mishipa ya damu inayohudumia uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo kisukari, shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu au uvutaji wa sigara vinapoanza kuharibu mishipa, dalili huweza kujitokeza chumbani miaka miwili hadi mitano kabla ya maumivu ya kifua. Mwanamume anayeona nguvu zake zimepungua huenda amepewa onyo mapema, wakati bado anaweza kusaidiwa. Nimempokea mgonjwa aliyetafuta tiba katika chakula kwa muda mrefu, na siku aliyopimwa sukari kwa mara ya kwanza tayari alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Kilichomchelewesha ni aibu, lakini aibu ile ilipata mahali pa kujificha kwa kuwa aliamini kwamba tayari anajitibu.

Tena ushauri wa kula chaza wabichi unawafikia watu ambao hawapaswi kuwala. Chaza huchuja maji mengi ili kupata chakula, na katika maji ya uvuguvugu huweza kukusanya bakteria waitwao Vibrio vulnificus, ambao hawaonekani, hawanuki, na hawauawi kwa ndimu, pilipili wala pombe. Karibu mtu mmoja kati ya watano wanaopata maambukizi hayo hufariki, wengine ndani ya siku moja au mbili baada ya kuugua, na walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu.

Siombi chaza waondolewe kwenye kurasa za mapishi, kwani wakipikwa vizuri ni chakula bora. Ninachokuomba, Mhariri, ni kwamba makala ijayo itakayowataja pamoja na nguvu za kiume iseme wazi kwamba zinki humsaidia aliyepungukiwa nayo, na imwelekeze msomaji ambaye tatizo lake limedumu kwa wiki kadhaa aende kupimwa sukari, shinikizo la damu na mafuta katika damu, tena aende na mwenzi wake ikiwezekana, maana waliokuja wawili nimewaona wakieleza mapema zaidi kilichowaleta.

Wako,
Muuguzi wa kliniki ya kisukari